Skrini Yako Imeapishwa? Historia fupi ya rangi, kutoka maabara za Uingereza hadi shamba la alizeti Singida

Nimekuwa kimya kwa muda mrefu. Wapo walioniandikia kuuliza kama nimehama nchi au nimeoa. Hapana, vyote viwili bado. Nilikuwa Singida kikazi, na nimerudi na jambo ambalo limenikosesha usingizi. Ni jambo la kioo cha kompyuta. Najua utacheka, lakini nivumilie, tutaelewana mbele ya safari.

Ilikuwa mwezi wa nne, alizeti zimefunguka. Ukiwa barabarani kuelekea Iramba, pande zote mbili ni njano tupu, na katikati ya hiyo njano yanachomoza yale majabali makubwa ya Singida kama mgongo wa kiboko. Nilikuwa nafuatilia habari ya bei ya alizeti, nikafika kijiji kimoja, nikamkuta bibi mmoja mwenye umri wa kutosha kuwa na vitukuu. Shikamoo, marahaba mjukuu wangu, karibu uketi. Tuliongea kwa saa nzima, akanieleza alivyolima tangu ujana wake, akanichekesha sana. Mwishoni nikaomba nimpige picha akiwa shambani, akakubali kwa sharti moja, kwamba gazeti likitoka nimletee nakala.

Jioni ile, nikiwa mjini Singida, nilifungua picha kwenye kompyuta ya rafiki yangu mmoja. Kioo chake ni cha mtumba, na alikuwa amekifungulia mwanga hadi mwisho. Picha ilikuwa nzuri ajabu. Makunyanzi ya uso, macho, tabasamu, vyote vipo. Nikagusa kidogo hapa na pale, nikatuma Dar es Salaam, nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi yake.

Habari ilitoka na picha ikatoka. Wiki iliyofuata nikatimiza ahadi, nikampelekea bibi nakala. Akalishika gazeti, akalisogeza karibu, akalisogeza mbali, akamwita mjukuu wake aje kutazama. Kisha akaniambia kwa upole, "Mjukuu wangu, kanga yangu naiona. Mimi mwenyewe niko wapi?"

Alikuwa na haki. Alizeti zilionekana moja moja, kanga ilionekana hadi maandishi yake, na juu ya kanga palikuwa na doa jeusi. Hakuna macho, hakuna tabasamu. Nilimpiga picha mtu aliyelima zaidi ya nusu karne, nikachapisha shimo.

Nilirudi mjini na hasira, tayari kulaumu mtambo, wino na karatasi. Fundi mmoja anayehariri picha za harusi karibu na stendi akanisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza swali moja tu. "Hiyo skrini uliyotumia, ilipimwa lini?"

Ilipimwa? Mimi ni mwandishi, nimesoma hadi chuo kikuu, na hakuna siku niliyowahi kuambiwa kwamba skrini hupimwa.

Fundi akanipa mfano ambao kila mtu wa Singida anauelewa. Nenda pale Misuna, kwenye soko la vitunguu. Ugomvi wa miaka yote kati ya mkulima na mnunuzi ni lumbesa, lile gunia lililofungwa likavimba kichwa hadi likawa gunia na nusu, lakini bado linaitwa gunia moja. Ndiyo maana kuna mizani, na ndiyo maana Wakala wa Vipimo hupita kuihakiki na kuibandika stika. Mizani isiyohakikiwa si lazima mwenyewe awe mwizi. Inawezekana imechoka tu. Lakini atakayeumia ni yule yule mkulima. Basi skrini ni mizani ya rangi, na mimi nilimpima bibi kwa lumbesa.

Nikaamua kutafuta. Nani alianzisha vipimo vya rangi? Nani aliamua kwamba nyeupe iwe vile na nyeusi iwe hivi? Na je, katika maamuzi hayo, sura kama ya bibi ilikuwemo? Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanzie Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1920. Watu wawili, kila mmoja kwenye maabara yake, walikuwa wakifanya jaribio linalofanana. William David Wright alikuwa Imperial College, London, na John Guild alikuwa katika Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington. Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza. Unamketisha mtu gizani, unamwonyesha duara lililogawanyika katikati. Nusu moja ina rangi fulani, nusu nyingine anaichanganya mwenyewe kwa taa tatu, nyekundu, kijani na bluu, hadi nusu zote mbili zifanane. Unaandika alitumia kiasi gani cha kila taa. Unarudia tena na tena, rangi hadi rangi, mtu hadi mtu.

Wright alitumia watu 10. Guild alitumia 7. Jumla watu 17. Mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwanga, ambayo wengi huifahamu kwa herufi za Kifaransa CIE, ilikutana Cambridge na kuyageuza majibu ya watu hao 17 kuwa jicho la wastani la binadamu. Tangu hapo hadi leo, kila kipimo cha rangi unachokijua, cha rangi za nyumba, cha vitambaa, cha simu yako, kinarudi kwenye macho yale 17.

Hapa nilitaka kuanza kupiga kelele kwamba mbona hakuna hata jicho moja la Mnyiramba. Lakini tuwe wakweli. Jaribio lile lilipima jicho linavyopokea mwanga, halikupima sura ya mtu. Jicho la bibi na jicho la profesa wa London hupokea mwanga kwa namna inayokaribiana sana. Kosa, kama lipo, haliko hapa. Tuendelee kulitafuta.

Kinachofuata ni weupe. Ukifungua karatasi tupu kwenye kompyuta unaona nyeupe. Nyeupe ya wapi? Miaka ya 1960 wanasayansi walikusanya vipimo 622 vya mwanga wa mchana vilivyochukuliwa katika miji mitatu, Rochester kule Marekani, Ottawa kule Kanada na Enfield kule Uingereza. Kutokana na hivyo wakakokotoa mwanga wa mchana wa wastani, ukapewa jina D65, maana yake weupe wa takribani kelvini 6500. Ndiyo nyeupe inayotakiwa kwenye skrini yako hadi leo. Kwa hiyo kila unapoandika barua pepe, hata kama upo Manyoni jua la saa saba linakuchoma kisogo, karatasi yako ya kwenye kioo ina weupe uliotoka anga la kaskazini. Haidhuru. Nyeupe lazima iwe ya mahali fulani, mradi wote tukubaliane ni ipi. Dakika kumi na mbili za saa yangu na za saa yako zisipolingana, hatuwezi kukutana.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu sisi tulichelewa kukutana na skrini, na kuchelewa kwetu kuna historia yake.

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta yake ya kwanza. Miaka michache baadaye mfumo wa hesabu za serikali uliowekwa kwenye kompyuta ukaleta vurugu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Televisheni nazo ziliingia kwenye marufuku hiyo hiyo. Ajabu ni kwamba wakati huo huo wenzetu wa Zanzibar walikuwa wameanza kuona televisheni ya rangi, miongoni mwa za mwanzo kabisa kusini mwa Sahara. Yaani mtu wa Michenzani alikuwa anatazama rangi, na mtu wa Magomeni hana hata ya nyeusi na nyeupe! Bara tulisubiri hadi 1994, kituo cha ITV kilipoanza kurusha matangazo. Kompyuta nazo zikaanza kumiminika miaka hiyo hiyo ya 1990, milango ya biashara ilipofunguliwa.

Kwa hiyo kizazi cha wazazi wetu kiliijua rangi kupitia picha za karatasi, si kupitia kioo. Na picha za karatasi zilikuwa na mizani yake, na mizani hiyo ilikuwa na sura ya mtu.

Jina lake Shirley. Wapiga picha wa zamani wanamfahamu. Kampuni ya Kodak ilikuwa ikituma kwenye maabara za kusafisha picha kadi yenye picha ya mwanamke mweupe aliyevaa vizuri, na fundi alitakiwa kusawazisha mashine yake hadi ngozi ya mwanamke yule itoke sawasawa. Wa kwanza kati yao alikuwa mfanyakazi wa Kodak aliyeitwa Shirley Page, na wote waliomfuata wakarithi jina. Shirley akitoka vizuri, mashine ni nzima. Kama wewe si Shirley, hiyo ni shida yako. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliieleza historia hii kwa kina mwaka 2009. Alionyesha kwamba Kodak ilianza kuhangaika na rangi za kahawia kwa sababu kampuni za chokoleti na za samani zililalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri kwenye matangazo. Soma tena sentensi hiyo taratibu. Kabati la mninga lilipata mtetezi kabla ya mama yako. Kadi ya Shirley yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja kutoka katikati ya miaka ya 1990.

Wapo waliogoma mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwongozaji wa filamu wa Ufaransa, Jean-Luc Godard, alikwenda kwa majirani zetu Msumbiji kuisaidia nchi changa kuanzisha televisheni, na inaelezwa kwamba alikataa kutumia filamu ya Kodak kwa sababu haikuwatendea haki watu weusi. Lakini wengi hawakuwa na nafasi ya kugoma. Ukifika Unguja, pale Mji Mkongwe, kuna Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Studio za namna hiyo ziliishi kwa ujuzi wa mkono. Mpiga picha alijifunza mwenyewe amweke wapi mtu na taa aiweke wapi ili sura itokee. Ilibidi fundi aifidie mashine.

Nami ninao ushahidi wangu. Ipo albamu ya harusi ya wazazi wangu, ya miaka ya 1990. Shela ya mama inaonekana uzi kwa uzi. Keki inaonekana. Sura ya baba utaitambua kwa meno. Utotoni nilidhani wazazi wangu walikuwa weusi zaidi zamani, halafu wakatakata.

Sasa tuingie kwenye skrini yenyewe.

Wengi wetu tulianza na zile monita za chogo, zenye mgongo mrefu kiasi kwamba meza nzima inakuwa yake. Chogo lilikuwa na bomba la kioo ndani yake, na bomba hilo lilikuwa na tabia moja ya ukaidi. Ukiliongezea nguvu ya umeme mara mbili, mwanga hauongezeki mara mbili, unaongezeka zaidi ya mara nne. Tabia hii huitwa gama. Kwa kompyuta nyingi ilikuwa kama 2.2. Kompyuta za Apple ziliamua kutumia 1.8, na zikakaa hivyo hadi mwaka 2009 zilipojiunga na wenzao.

Tofauti ya 2.2 na 1.8 ni ndogo, si ndiyo? Nami nilidhani hivyo, hadi nilipochukua kikokotozi.

Kwenye kompyuta kila doa la picha lina namba, kuanzia 0 ambayo ni giza tupu hadi 255 ambayo ni weupe kamili. Chukua shavu la mtu mweupe lenye namba 200. Ukilihamisha kutoka skrini ya 2.2 kwenda skrini ya 1.8, mwanga wake unaongezeka kwa kama asilimia 10. Hakuna atakayegundua. Sasa chukua shavu la bibi chini ya jua la saa saba, limefunikwa na kivuli cha kilemba, lina namba 40. Hamisha vile vile. Mwanga wake unaongezeka zaidi ya mara mbili! Skrini ni zile zile na kosa ni lile lile, ila mmoja ameguswa na mwingine amebadilishwa mtu.

Hapa ndipo nilipolipata kosa nililokuwa nalitafuta tangu 1931. Hesabu hii haimjui mtu kwa rangi. Haikuandikwa na mbaguzi. Lakini kosa la skrini halina usawa. Linaangukia gizani, kule kwenye namba za chini, na sura zetu nyingi, hasa zikipigwa picha mchana wa jua kali, zinaishi huko huko kwenye namba za chini. Mhariri wa Stockholm anaweza kufanya kazi miaka kumi kwa skrini mbovu na wasomaji wake wasilalamike. Mhariri wa Singida, siku moja tu, anamfuta bibi wa watu.

Wakubwa wa dunia ya kompyuta waliona vurugu hii mapema, ingawa kwa sababu zao za kibiashara. Photoshop ilikuwa imetoka mwaka 1990, watu wanahariri picha kwenye skrini na kila skrini inasema lake. Mwaka 1993 kampuni nane, zikiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, ziliunda muungano wa rangi wa kimataifa, ICC. Wazo lao lilikuwa kwamba kila kifaa kiwe na cheti chake, faili dogo linaloitwa profaili, linalosema, mimi skrini fulani huwa nazidisha bluu kidogo, nirekebisheni. Mwaka 1996 HP na Microsoft wakapendekeza lugha moja ya rangi kwa wote, sRGB, na mwaka 1999 ikawa kiwango cha kimataifa. Ina nyeupe ile ya D65, ina gama ya karibu 2.2, na imejengwa juu ya tabia za chogo. Ndiyo lugha ambayo picha nyingi za mtandaoni zinaongea hadi leo, ingawa machogo yenyewe yamekwisha, mengine yamegeuka viota vya kuku.

Kwa hiyo sheria ipo tangu zamani, ila skrini zilizotufikia hazikuisoma. Nyingi zilitoka kiwandani zimewekewa weupe wa kelvini 9300, wenye bluu nyingi, kwa sababu dukani bluu inang'aa na inauza. Zikaja za bapa, mwanga mkali kupita kiasi, tena zile za bei nafuu ukiinamisha kichwa kidogo rangi inageuka. Zikaja za mtumba, taa zake za ndani zimechoka na zimekuwa za manjano. Hizo ndizo tulizohariria magazeti, kadi za harusi na mabango ya kampeni.

Sasa yaliyotokea kwa bibi naweza kukueleza hatua kwa hatua. Skrini ya mezani ikifunguliwa mwanga hadi mwisho inaweza kutoa kandela 250 hadi 300 kwa kila mita ya mraba. Wanaohariri picha za kuchapishwa hutumia kati ya 80 na 120, kwa sababu huo ndio mwanga unaokaribiana na karatasi iliyoshikwa mkononi chumbani. Mimi niliona uso wa bibi umejaa mwanga, lakini mwanga ule ulikuwa wa skrini, haukuwa wa picha. Namba za kwenye uso wake zilikuwa chini kabisa. Kisha picha ikaenda kwenye karatasi ya gazeti, ambayo hunywa wino kama ardhi ya Singida inavyokunywa mvua ya kwanza. Nukta ya wino iliyopangwa kufunika asilimia 50 husambaa ikafunika kama asilimia 75. Giza likaongezwa juu ya giza. Mtambo haukukosea, wino haukukosea. Nilikosea mimi, tena mapema, kwenye chumba cha rafiki yangu, nikiwa nimetabasamu.

Basi nikamwomba fundi anifundishe. Tulichofanya kila mmoja wenu anaweza kukifanya, hata kama mfukoni hamna kitu.

Kwanza, skrini iachwe iwake nusu saa kabla ya kuiamini. Pili, ondoa mbwembwe zote, ule mtindo wa kung'arisha filamu, ule wa michezo, na ule wa usiku unaogeuza kila kitu rangi ya chungwa. Tatu, tazama chumba. Fundi ana pazia jekundu, na siku ile alilitoa, kwa sababu mwanga wa dirishani ukipita kwenye pazia jekundu macho yako yanaanza kudanganya hata kabla ya skrini. Nne, punguza mwanga hadi karatasi nyeupe uliyoiweka kando ya kioo na ukurasa mweupe wa kwenye kioo vikaribiane. Siku ya kwanza utaona kama umeme wa TANESCO umepungua. Vumilia, baada ya siku mbili macho yatazoea.

Tano, tazama kijivu. Tengeneza ngazi ya vijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Kama kijivu kimoja kinaelekea pinki na kingine kijani, skrini yako inaumwa. Kama ngazi tatu za mwisho upande wa giza zimeungana kuwa doa moja, hapo ndipo sura za watu wako zinapotelea. Windows ina programu ya kukusaidia kurekebisha haya kwa macho, imo ndani tangu mwaka 2009. Na ukipata uwezo, kipo kifaa kidogo kiitwacho kalorimita, unakining'iniza mbele ya kioo kama daktari anavyoweka kipimo kifuani kwa mgonjwa. Kinasoma rangi moja moja, kisha kinaiandikia skrini cheti chake. Datacolor wanazo za jina la Spyder, na zile zilizokuwa za X-Rite tangu 2021 zinauzwa kwa jina la Calibrite. Fundi yeye amenunua kimoja kwa kuchangiana na wenzake wanne, kinazunguka kwa zamu kila mwezi, kama mchezo wa upatu.

Wapo marafiki zangu watakaosema, mbona unahangaika na machogo na vijivu, siku hizi simu inafanya yote? Ni kweli mambo yamesogea. Kampuni ya Tecno imejipatia soko Afrika kwa kamera zilizopangwa kwa ngozi nyeusi. Google ilitangaza marekebisho yake ya ngozi mwaka 2021, na mwaka 2022 ikatoa ngazi ya rangi 10 za ngozi. Lakini kumbuka kwamba simu hizo hizo zina kitufe cha kurembesha, kinachomkwangua mtu rangi bila ruhusa yake. Shirley hajafa. Amehamia mfukoni.

Na hata vipimo vya mafundi vina maswali yake. Ile kadi maarufu ya miraba 24, ColorChecker, iliyotoka mwaka 1976, mraba wake wa kwanza kabisa unaitwa ngozi nyeusi. Niliitazama kwenye skrini ya fundi baada ya kuipima. Namba zake ni 115, 82 na 68. Nikaweka mkono wangu kando yake, tukacheka wote wawili. Mimi ni mweusi kuliko ngozi nyeusi yao, na bibi wa Iramba ni mweusi kuliko mimi.

Ndiyo maana naamini tunahitaji vitu viwili kwa pamoja, na kimoja hakitoshi. Tunahitaji skrini iliyopimwa, kwa sababu isipopimwa hatuwezi hata kubishana juu ya rangi, kila mmoja atakuwa na lumbesa yake. Na baada ya kuipima, tunahitaji kuweka sura zetu wenyewe kuwa kipimo. Fundi amebandika ukutani, juu ya kompyuta yake, picha ya mama yake aliyoichapisha vizuri. Kila picha ya harusi anayoihariri huilinganisha na mama. Hana habari na Shirley, lakini amekwisha kumjibu.

Nilirudi Iramba mwezi wa sita, wakati wa kuvuna. Safari hii nilimpiga picha bibi asubuhi, jua liko chini, mwanga unamwangalia usoni. Nikaihariri kwenye skrini iliyopimwa, nikainua uso wake kidogo kwa sababu nilijua karatasi itaushusha, nikachapisha nakala moja kwa fedha yangu. Hiyo haikuwa ya gazeti. Ilikuwa deni.

Aliishika kama alivyolishika gazeti, karibu, kisha mbali. Akakaa kimya muda mrefu hadi nikaogopa. Halafu akamwita yule yule mjukuu, akamwambia kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, "Njoo umwone bibi yako. Kumbe nimezeeka hivi, na hakuna aliyeniambia."

Tukacheka. Picha akaiingiza kwenye sanduku la bati, juu ya kanga zake.

Hebu jioni ya leo fungua picha ya mama yako kwenye kompyuta unayofanyia kazi, kisha mtazame mama mwenyewe kama yupo karibu. Wanafanana? Kama hawafanani, usimlaumu mama.

Alamsiki.